Sanduku la Kalundu na mfereji wa Linlithgow

UVIRA – Sanduku ni la chuma, la rangi ya kijani iliyobanduka, na halifungiki tena kwa sababu kufuli lake lilipotea usiku ule mto Mulongwe ulipofurika, Aprili 2020. Ndani yake mna kaye nne za bandari, taa moja ya mafuta isiyo na kioo, kipande cha mnyororo kizito kama mtoto wa miaka miwili, na picha moja ya wanaume kumi na mmoja waliosimama mbele ya ghala huko Kalundu. Mzee aliyeviweka humo alikuwa mwandishi wa ghala. Alihesabu magunia yaliyoteremshwa kutoka Kalemie na Kigoma, akaandika, akatia sahihi. Alifariki miaka kadhaa kabla ya mafuriko. Binti yake ndiye aliyelitoa sanduku majini, akidhani ndani mna karatasi za kiwanja. Karatasi hazikuwamo.

Tangu usiku ule sanduku limehama na mama huyo mara nne: darasa la shule, nyumba ya shangazi, hema la bashi, na sasa chumba kimoja cha kupanga anamolala na watoto watano. Kila Jumanne na Ijumaa mnunuzi wa vyuma hupita na pusi-pusi yake akipiga kelele. Siku moja alisimama mlangoni, akaunyanyua mnyororo kwa mkono mmoja, akataja bei. Bei hiyo ilitosha ugali na ndagala za siku tatu.

Mama alimtumia kaka yake sauti kwa simu. «Yaya, hapa hata mutoto hana pa kulala, na wewe unaniambia nilinde vyuma vya mzee. Niambie leo, niuze ao nisiuze?»

Kaka yake anaishi Glasgow, nchini Scotland. Zamani alikuwa mwalimu hapa Uvira. Huko anasafisha ofisi usiku. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu zikaingia sauti tisa, moja nyuma ya nyingine, na karibu zote hazikusema neno juu ya sanduku. Zilisema juu ya makumbusho madogo yaliyo ndani ya zizi la farasi.

Simu ilikuwa imetoka kuchajiwa, kwa hiyo zilisikilizwa pale pale uani, kwa sauti kubwa. Walikuwapo majirani, mama wawili waliokimbia vita milimani, na kijana mmoja anayetengeneza redio. Hivyo ndivyo habari za mfereji wa Ulaya zilivyofika kwenye uwanja ambao watu wake wanaogopa maji kuliko kitu kingine chochote.

Sababu ya safari yenyewe ilikuwa kazi ya shule. Binti wa mwalimu, mwenye miaka kumi na miwili, alitakiwa kuandika juu ya mfereji unaoitwa Union. Baba akapanda naye treni asubuhi ya Jumamosi, bila hamu, macho yakiwa mazito kwa kazi ya usiku. Walishuka kwenye mji mdogo wa Linlithgow. Wenyeji wanaujua mji huo kwa jumba lake la kifalme, alikozaliwa malkia Mary wa Scotland mwaka wa 1542. Lakini baba na binti hawakwenda upande wa jumba. Walipanda kilima nyuma ya stesheni kwa dakika chache, wakafika penye maji yaliyotulia, mashua zilizofungwa kando, na safu ya majengo ya zamani ya mawe. Humo ndimo makumbusho yalimo, katika zizi walimokuwa wakipumzika farasi wa kuvuta mashua.

Ni padogo sana. Mwalimu alisema darasa lake la zamani lilikuwa kubwa zaidi, na katika darasa lile waliketi watoto sitini. Picha zimejaa ukutani, na kuna karatasi na vifaa vya kazi. Anayekaa pale kupokea watu ni mtu aliyejitolea, halipwi. Mwalimu alitaka kumaliza upesi akanywe chai. Akakaa karibu saa tatu.

Sauti ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyorudiwa mara nyingi uani. Mfereji ulianza kuchimbwa mwaka wa 1818, ukafunguliwa 1822. Unatoka mji wa Edinburgh hadi Falkirk, karibu kilomita 50. Mhandisi wake, Hugh Baird, aliupitisha kwa kufuata mlima usipande wala kushuka. Njia yote hiyo maji yako kwenye kimo kimoja, na palipo na bonde akajenga daraja la kubeba maji. Daraja lililo juu ya mto Avon, upande wa magharibi ya Linlithgow, lina matao 12 na kimo cha mita 26 hivi. Mashua inapita juu, mto unapita chini.

Hapo kijana wa redio alisimamisha simu. Alitaka kujua kama maji hayavuji. Jibu lilikuwa kwenye sauti iliyofuata: ndani ya mawe mna bakuli refu la chuma, na maji yamo ndani ya chuma.

Mzigo mkubwa ulikuwa makaa ya mawe, kwa kuwa Edinburgh ilikuwa na baridi na mawe ya kuchoma yalikuwa mbali. Mashua zikirudi zilibeba hata samadi ya farasi kutoka mjini kwenda mashambani. Mwalimu alicheka aliposema hivyo, maana kaye za baba yake zina mambo kama hayo: magunia ya chumvi, mapipa ya mafuta ya mawese, sementi, halafu ghafla mstari mmoja, «mbuzi 14, mmoja amekufa njiani». Mzee hakuacha kitu bila kukiandika.

Karibu na Falkirk kulikuwa na tajiri, William Forbes, mwenye jumba la Callendar. Hakutaka kuona mfereji kutoka kwenye jumba lake. Basi wafanya kazi wakatoboa mwamba, zaidi ya mita 600, ili maji yapite chini ya kilima na bwana yule asisumbuliwe macho. Watu wa uani walipiga makofi ya kicheko. Mama mmoja wa milimani akasema, kumbe hata kule mkubwa ndiye anaamua maji yapite wapi.

Na waliotoboa mwamba ni nani? Mwalimu alilikawilia sana jambo hili. Wengi walikuwa wageni: watu wa Ireland waliovuka bahari kutafuta kazi, na watu wa milima ya kaskazini ya Scotland. Waliishi kwenye vibanda kando ya kazi, na wenyeji hawakuwapenda. Katika maelfu yale, majina yanayojulikana na kila mtu ni mawili tu, William Burke na William Hare. Burke alichimba mfereji huu, na inasemwa Hare pia. Mwaka wa 1828, mfereji ukiwa umekwisha zamani, wawili hao waliua watu 16 mjini Edinburgh na kuuza maiti kwa daktari aliyefundisha upasuaji. Burke alinyongwa Januari 1829. Hadithi yao inasimuliwa mpaka leo, na watalii wanailipia.

«Dada, fikiria,» mwalimu alisema kwenye sauti hiyo, na hapo pumzi yake inasikika. «Watu wote wale wamechimba kilomita 50 kwa mikono. Tunajua majina ya wauaji tu.»

Uwanja ulinyamaza kidogo. Wale mama wawili wa milimani wanajua jambo hilo lilivyo. Mwizi mmoja akikamatwa sokoni akiwa mhami, kesho yake kila mhami ni mwizi.

Kuna habari nyingine ya makumbusho hayo iliyompendeza sana kijana wa redio, ingawa wengine walisinzia. Mwaka wa 1834 mhandisi kijana, John Scott Russell, alikuwa akitazama mashua ikivutwa na farasi kwenye mfereji huo huo. Mashua ikasimama ghafla. Maji yaliyokuwa mbele yake hayakusimama: yalijikusanya kuwa tuta moja laini, yakaendelea mbele peke yake bila kupungua. Russell akapanda farasi, akalifuata tuta hilo zaidi ya kilomita moja mpaka likampotea kwenye kona. Wataalamu wengi hawakumwamini. Karne moja na nusu baadaye, elimu ya wimbi lile ilikuwa inawasaidia watu wanaochunguza namna ya kupitisha mwanga kwenye nyuzi nyembamba za kioo, zile zinazobeba intaneti. Kijana aliishika simu ya mama huyo akaigeuza-geuza, kana kwamba tuta la maji limo ndani.

Mfereji haukuishi sana. Mwaka wa 1842 reli ya kutoka Edinburgh hadi Glasgow ilifunguliwa, na abiria wakahama mara moja. Kampuni ya reli ikaja kuununua mfereji wenyewe. Treni aliyopanda mwalimu na binti yake asubuhi ile inapita kwenye njia hiyo hiyo. Walikuja kumwona marehemu wakiwa wamebebwa na aliyemuua. Hayo ni maneno ya binti, ya mtoto wa miaka kumi na miwili, na mwalimu aliyarudia kwa fahari.

Pale Falkirk mfereji huu ulikutana na mfereji mwingine ulio chini sana, na mashua zilishushwa kwa ngazi ya vyumba 11 vya maji vyenye milango. Unaingia chumba, mlango unafungwa nyuma yako, maji yanapunguzwa, unatoka kwenye chumba cha chini, unaanza tena. Ilichukua karibu siku nzima. Vyumba hivyo vilifungwa mwaka wa 1933, kisha vikafukiwa. Mwaka wa 1965 mfereji wote ukafungwa rasmi. Barabara kuu ikajengwa kuukata. Kwenye mtaa wa Wester Hailes, pembeni mwa Edinburgh, maji yalitiwa kwenye mabomba na juu yake mtaa ukajengwa. Sehemu zilizobaki zikawa mahali pa kutupa vitu.

Miaka kumi baada ya kufungwa, mwaka wa 1975, wakaaji wa Linlithgow waliunda chama chao cha mfereji. Hawakuwa na mamlaka juu ya maji yale. Walisafisha kando, wakatafuta mashua ya kupeleka watu kutembea kwenye kipande kilichobaki, wakaligeuza zizi kuwa makumbusho. Walikuwa wanaweka ukutani picha za mfereji ambao serikali ilikuwa imekwisha kusema umekufa. Mzee mmoja uani alisema hiyo ni salongo. Mwingine akamjibu kwamba salongo aliyoijua yeye, ya wakati wa Mobutu, ilikuwa na mtu wa kuandika majina ya wasiofika. Wakakubaliana iitwe salongo bila polisi.

Iliendelea hivyo zaidi ya miaka ishirini. Halafu, kwa ajili ya mwaka wa 2000, Uingereza ilitenga fedha za bahati nasibu kwa miradi mikubwa, na mifereji hiyo miwili ikaingia kwenye mpango. Kazi yote iligharimu zaidi ya pauni milioni 80. Wester Hailes ilibidi kuchimba njia mpya ya zaidi ya kilomita moja na nusu katikati ya mtaa, na madaraja mapya juu yake. Mahali pa ile ngazi ya vyumba 11 wakajenga kitu kisichoonekana mahali pengine duniani: gurudumu kubwa la chuma, lenye bakuli mbili za maji, moja juu na nyingine chini. Mashua inaingia kwenye bakuli, gurudumu linazunguka nusu, aliyekuwa juu yuko chini. Kimo ni mita 24. Malkia Elizabeth alilifungua Mei 2002.

Kijana wa redio alihesabu kwa vidole umeme wa kuzungusha kitu kama hicho. Alikosea mbali. Mashua ikiingia kwenye bakuli inasukuma nje maji yenye uzito sawasawa na uzito wake, kwa hiyo bakuli mbili zina uzito mmoja daima, iwe na mashua au bila. Umeme wa mzunguko mmoja ni kama wa kuchemshia maji ya birika nane. Kwenye uwanja ambao umeme unakuja usiku wa manane na kuondoka kabla ya alfajiri, jambo hilo liliongelewa kuliko malkia.

Sauti ya tisa ndiyo iliyorudi kwenye sanduku, na ilikuwa fupi. Mwalimu alisema asiuze. Alisema watu wale walianza na zizi na picha, wakati hakuna aliyejua kama maji yatarudi, na kwamba kaye za mzee ni kitu kama hicho. Siku moja watu watauliza Kalundu ilikuwaje.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akabonyeza kitufe cha kurekodi, mbele ya watu wote.

«Yaya, nimesikia. Lakini wale walikuwa na zizi. Mimi sina zizi. Na wale hawakulala juu ya makumbusho yao.»

Haki iko kwake, na hakuna aliyembishia. Mtu aliye mbali huona thamani ya vitu upesi kuliko mtu anayejigonga navyo mguu gizani. Watu wa Linlithgow walifanya kazi yao Jumamosi na Jumapili, kisha wakarudi kwenye nyumba zao zenye paa. Fedha za gurudumu zilitoka kwenye bahati nasibu ya nchi tajiri. Huku bandari ya Kalundu yenyewe iliona ziwa likipanda mpaka sehemu ambazo mzee alikuwa akisimama na kaye yake zikawa maji, na kabla ya hapo njia za barabara na vita vilikuwa vimekwisha kupunguza mizigo. Hakuna aliyetenga chochote.

Mwalimu hakujibu kwa juma zima. Alituma dola ishirini, bila sauti.

Jumanne mnunuzi wa vyuma alipita tena. Mama alimuuzia mnyororo na taa. Sanduku lenyewe alitaka kuliuza pia, lakini bei iliyotajwa ilikuwa ya matusi, basi likabaki, na sasa mtoto wa mwisho analala juu yake kwenye godoro lililokunjwa. Kaye nne na picha alizifunga kwenye mfuko wa nailoni, akautundika kwenye msumari juu kabisa ya ukuta, mahali ambapo maji yakifika, alisema, sisi wote tutakuwa tumekwisha.

Lakini jambo la wachimbaji wasio na majina lilimkaa. Jumapili moja baada ya ibada alimtafuta mzee aliyekuwa mpakuzi wa mizigo Kalundu, anayeishi sasa kwa mjukuu wake upande wa Kavimvira. Mzee huyo haoni tena vizuri. Picha aliishika, akaisogeza karibu na pua, akairudisha. Akasema waambiwe watoto wamsimulie.

Basi mabinti wawili walikaa pande zake na kumweleza mmoja mmoja kutoka kushoto. Ana kofia? Kofia gani, ya kitambaa ao ya jua? Anasimamia mguu gani? Mkono wake uko wapi? Mzee alifumba macho ili aone vizuri. Wa kwanza alimtaja mara moja, kwa jina na jina la baba. Wa pili alikuwa yeye mwenyewe, na ilimchukua muda kukubali kwamba aliwahi kuwa mwembamba hivyo. Wa tano ni mwandishi wa ghala, baba wa mwenye picha, kalamu sikioni. Huyo hakuhitaji kuelezwa. Mmoja alimtaja, kisha akanyamaza, akaomba maji ya kunywa.

Walipomaliza walikuwa na majina saba. Binti mkubwa aliyaandika nyuma ya picha kwa kalamu ya buluu, kila jina na namba yake, mwandiko wa shule, na pale pasipo na jina akaandika namba peke yake. Mama akapiga picha ya upande huo wa nyuma, akaituma Glasgow. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, na huko ilikuwa saa ya kazi: mwalimu aliuliza namba 8 amevaa viatu ao hana.

Ana viatu, lakini havifanani. Namba 8 ni mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, na amemwekea jirani yake mkono begani. Namba 3 ni mfupi, mkono mmoja wa shati umekunjwa na mwingine haukukunjwa. Namba 6 anacheka mdomo wazi, jino moja la mbele halipo. Namba 11 amesimama mwisho kabisa upande wa kulia, mbali kidogo na wengine, ameshika kamba, na uso ameugeuza ziwani wakati picha inapigwa.